Ethi ya kituo cha redio kwenye nyumba iliyokaa juu ya mwamba: kisa cha Iringa

Nyumba ni ya vyumba vitatu, mjini Iringa, kwenye mteremko wa upande wa Gangilonga, ambako ukichimba msingi unakutana na jiwe kabla shimo halijafika kiunoni. Chumba cha nyuma ni kituo cha redio ya ridhaa, yaani ya mawasiliano ya mtu binafsi, si ya utangazaji: transiva (redio inayorusha na kupokea) ya HF, masafa ya 3 hadi 30 MHz, ya wati 100, pawa saplai ya volti 13.8 na ampea 25, laptop iliyounganishwa na redio kwa waya wa USB, na ruta ya intaneti. Nje, mita 14 kutoka ilipo mita ya LUKU, umesimama mlingoti wa bomba la chuma la inchi mbili, urefu mita 12, umebeba antena ya waya yenye umbo la V iliyopinduliwa, kwa bendi za mita 40 na mita 20. Nyumba hii ni ya mfano. Tumeiunganisha kutokana na kasoro zinazokutwa tena na tena katika nyumba za nyanda za juu kusini, na namba zake ni za hesabu ambazo fundi yeyote anaweza kuzirudia kwa simu yake.

Malalamiko yalikuwa matatu. Kwanza, koaksi (waya wa antena) na waya wa ethi vikiwa vimefunguliwa, mkono ukigusa bodi ya redio, au mdomo ukigusa maikrofoni, unatekenywa na umeme. Pili, ukirusha kwenye 7.1 MHz kwa wati 100, sauti inakwaruza na laptop inapoteza mawasiliano ya USB, ilhali kwenye 14 MHz mambo ni shwari. Tatu, na hili ndilo lililoleta hasara, Desemba radi ilipiga mti wa jirani. Mlingoti haukuguswa, antena ilibaki nzima, lakini redio iliungua sehemu ya USB, laptop ikafa, na ruta na pawa saplai zikafuata.

Ushauri wa kwanza ambao mwenye nyumba hupewa katika hali hii ni kupiga rodi nyingine (fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini), mahususi kwa redio. Ushauri huo ungeificha tu shida ya kwanza, ungeiacha ya pili kama ilivyo, na ungeiongezea nguvu ya tatu. Ethi ya kituo cha redio, yaani muunganiko wake na ardhi, ina kazi tatu tofauti: usalama wa umeme wa hertz 50, kupokea radi, na mambo ya masafa ya redio. Kila malalamiko hapo juu ni ya kazi moja, na kila moja lina dawa yake.

Kutoka soketi hadi rodi

Pawa saplai za kisasa zina kapasita ndogo zinazounganisha laivu na nyutro na bodi ya chuma, ili kupunguza kelele za swichi. Pini ya ethi ikiwa hai, mkondo wa kapasita hizo, ambao ni miliampea chache au pungufu, hushuka ardhini bila mtu kujua. Ethi ikikatika, kapasita hugawana volteji nusu kwa nusu na bodi nzima inaelea kwenye volti 115 hivi. Mkondo ni mdogo mno kuua, lakini mdomo unausikia.

Mkato ulikuwa kwenye ekstensheni. Ilikuwa na matundu matatu na plagi ya pini tatu, ila ukiukata waya wake unakuta nyuzi mbili tu ndani. Pini ya ethi haikuunganishwa na kitu. Kuigundua ni rahisi: ichomoe ukutani, weka maltimita kwenye ohm, pima kati ya pini ya ethi ya plagi na tundu la ethi upande wa pili. Isome chini ya ohm 1. Ikisoma wazi, usiitengeneze. Itupe, kisha vuta waya wa nyuzi tatu wa milimita mraba 2.5 hadi kwenye soketi za meza ya redio.

Wapo mafundi ambao wakikuta soketi haina ethi huunganisha tundu la ethi na nyutro ndani ya soketi. Kutekenywa kunaisha mara moja, na ndiyo sababu njia hiyo inapendwa. Lakini siku nyutro ikikatika popote kati ya soketi na nguzo, bodi za vyombo vyote zinapanda hadi volti 230 kupitia taa na friji zilizowashwa, na hapo hatuzungumzii tena kutekenywa. Ukikuta kiungo hicho, kiondoe kabla ya kugusa kingine chochote.

Baada ya soketi tukafika kwenye rodi ya nyumba, chini ya meinswichi. Juu ya ardhi ilionekana sawa kabisa: klampu ipo, waya wa kijani na njano upo. Chini kulikuwa na habari nyingine. Rodi za madukani za futi 4 ni sentimita 120. Hii ilikuwa imeingia sentimita 70, ikagota kwenye graniti, na kilichobaki kikakatwa kwa msumeno. Ukinzani wa fimbo moja unapatikana hivi: gawanya ukinzani mahususi wa udongo kwa 6.28 mara urefu wa fimbo iliyozama. Kisha zidisha kwa logi asilia ya (8 mara urefu, gawanya kwa kipenyo) ukitoa 1. Udongo wa kichanga uliomomonyoka kutoka graniti, ukikauka, si ajabu kufika ohm-mita 600 na zaidi. Kwa fimbo ya mita 0.7 na kipenyo cha milimita 16, jibu ni ohm 660 hivi.

Chukua sasa laivu iguse bodi ya friji. Volti 230 kwa ohm 660 ni ampea 0.35. Breka ya ampea 32 haitajua lolote, na bodi itabaki na volti karibu zote 230 hadi mtu aiguse. Kinachotegemewa ni RCD peke yake, swichi inayokata umeme mkondo ukivuja kwenda ardhini. Ile ya nyumba hii ilikuwa ya miliampea 100. Kanuni ni kwamba bodi isizidi volti 50 kabla RCD haijakata, yaani ukinzani usizidi 50 gawanya kwa 0.1, ambayo ni ohm 500. Rodi ya ohm 660 imeshavuka. RCD ya miliampea 30 inaruhusu kwa hesabu hadi ohm 1,667, lakini rodi inayokaribia huko haiaminiki, kwa sababu kiangazi kinaipandisha. Lenga chini ya 200. RCD ilibadilishwa kuwa ya miliampea 30 siku hiyohiyo. Kazi hiyo, kama kazi yoyote ndani ya meinswichi, ni ya fundi mwenye leseni.

Kwa nini kasoro hii haikuonekana nyumba ilipokabidhiwa? Kwa sababu ya jaribio la taa. Fundi anachukua holda, anaweka waya mmoja kwenye laivu na mwingine kwenye ethi. Taa ikiwaka anasema ethi ni nzuri. Zama za balbu za wati 60 jaribio hilo lilikuwa na maana kidogo: balbu ile ni ohm 880 ikiwa moto, hivyo kwenye rodi ya ohm 660 ingefifia waziwazi. Taa ya LED inavuta miliampea 40 hivi, inapoteza volti 26 tu kwenye rodi hiyo, na inawaka kwa mwanga uleule. Maltimita nayo inadanganya vilevile: ukipima laivu na ethi itasoma karibu 230 hata rodi ikiwa mbovu, kwa kuwa yenyewe haivuti mkondo wa maana. Kipimo cha kweli ni mita ya ethi yenye vigingi vitatu. Waya wa ethi hufunguliwa meinswichi ikiwa imezimwa, kigingi cha mkondo kinapigwa mita 20 kutoka rodi, na kigingi cha volteji kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 12.4. Sogeza kigingi cha kati mita moja mbele na moja nyuma. Kama masomo matatu hayakaribiani, ongeza umbali urudie.

Radi iliingiaje?

Mlingoti ulikuwa na rodi yake, nayo fupi, mita 14 kutoka rodi ya nyumba. Rodi mbili hazikuunganishwa kwa waya wowote nje. Lakini ziliunganishwa ndani, na hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki: neti ya koaksi, ule msuko wa chuma unaozunguka waya wa ndani, ilitoka kwenye mlingoti ikaingia kwenye bodi ya redio; kutoka redio ikapita USB hadi laptop, na kutoka laptop na pawa saplai, kwa kuruka ndani yake maana pini ya ethi ilikuwa imekatika, ikafika kwenye nyaya za nyumba na rodi yake. Njia pekee ya umeme kati ya rodi mbili ilikuwa meza ya redio.

Radi ikipiga mti, mkondo unasambaa ardhini kutoka shinani, na volteji ya ardhi inapungua kadiri unavyoenda mbali. Kwenye udongo mkavu wa kichanga juu ya jiwe, mteremko huo wa volteji ni mkali. Rodi iliyo karibu na mti inapanda maelfu mengi ya volti juu ya rodi iliyo mbali. Tofauti hiyo inatafuta njia, na njia ilikuwa waya wa USB. Ndiyo maana antena ilisalimika na vifaa vya ndani vikaungua. Ingekuwa radi imeingia kupitia laini ya umeme, safari ingekuwa hiyohiyo kinyumenyume.

Wengi hudhani dawa ni kupunguza ohm hadi radi isipandishe volteji. Haiwezekani. Pigo la kawaida la kwanza ni kiloampea 30 hivi. Hata ukifikia ohm 5, ambazo Gangilonga huzipati kwa gharama ya kawaida, 30,000 mara 5 ni volti 150,000. Kinachowezekana ni kuhakikisha kila kitu cha chuma ndani ya nyumba kinapanda pamoja na kushuka pamoja, ili pasiwe na tofauti kati ya bodi na bodi. Kwa hiyo rodi mbili zisizounganishwa ni mbaya kuliko moja, na rodi ya tatu ya redio, iliyofungwa nyuma ya meza peke yake, ingekuwa mbaya zaidi.

Jambo la pili ni urefu wa waya. Mita moja ya waya ina induktansi (upinzani wake kwa mkondo unaobadilika haraka) ya mikrohenri 1 hivi. Mkondo wa radi unaopanda kiloampea 10 kwa mikrosekunde unaacha volti 10,000 kwenye kila mita hiyo, hata waya uwe mnene. Kuongeza unene kunasaidia kidogo sana. Kufupisha, kunyoosha na kutumia ukanda bapa badala ya waya wa mviringo kunasaidia zaidi. Kona ziwe za mviringo mpana, kamwe si za pembe mraba.

Marekebisho

Uamuzi uliobeba kazi yote ulikuwa kuhamisha mahali koaksi inapoingilia. Awali iliingia dirishani nyuma. Sasa inashuka hadi chini ya mlingoti, inatembea ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa, na kuingia kwenye ukuta uleule wenye meinswichi, karibu mita moja kutoka rodi ya nyumba. Koaksi ikarefuka kwa mita 11. Kwenye 7 MHz hasara ya nyongeza hiyo kwa koaksi ya aina ya RG-213 ni ndogo kiasi kwamba anayekusikiliza hataitambua. Meza ya redio ikasogezwa hadi upande wa ndani wa ukuta huo.

Ukutani nje, ndani ya boksi la chuma lisilopitisha mvua, kuna bamba la shaba la sentimita 30 kwa 20. Aresta ya koaksi, kifaa kinachomwaga volteji ya radi ardhini, imefungwa juu yake kwa bolti, bila waya kati. Waya wa intaneti unaotoka nje unapita hapohapo kupitia aresta yake. Chagua aresta ya gesi kwa volti sahihi: wati 100 kwenye ohm 50 ni kilele cha volti 100, na SWR (kipimo cha antena kutolingana na redio) ikifika 3 kilele kinafika 173. Aresta ya volti 90 itawaka kila unaporusha. Ya volti 230 inatosha. Bamba limeunganishwa na rodi ya nyumba kwa kanda mbili za shaba, kila moja chini ya mita moja na nusu.

Kwenye meinswichi kuna kinga ya radi ya daraja la 2. Kwa nyumba ambazo ethi yake ni rodi ya nyumbani tu, iwe ile yenye varista (kipande kinachopitisha umeme volteji ikizidi) kati ya laivu na nyutro na pengo la cheche kati ya nyutro na ethi; varista iliyofungwa moja kwa moja kwenye ethi ikifa inaweza kuutia umeme waya wote wa kijani na njano. Nyaya zake zote kwa jumla zisizidi sentimita 50.

Ardhini, kupiga rodi ndefu hakukuwezekana, hivyo kazi ikawa ya mlalo. Sururu na mtalimbo vilitosha kwa mitaro mitatu kutoka chini ya mlingoti, kila mmoja mita 12, kina sentimita 50, ikitawanyika kama nyota, na mmoja ukielekezwa nyumbani. Ndani yake kuna waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 16. Mtaro wa nyumbani umeendelezwa hadi kwenye bamba na rodi ya nyumba, na waya huu ndio uliokuwa umekosekana siku zote. Kwa udongo uleule wa ohm-mita 600, nyota hiyo peke yake inatoa ohm 36 hivi. Angalia lakini: 230 kwa 36 ni ampea 6.4, breka ya 32 bado haikati. RCD haiondoki.

Waya haukufukiwa kwa kokoto zilezile. Ulizungushiwa sentimita 5 za udongo mweusi wa bondeni, ule wa kwenye vinyungu, uliochekechwa mawe na kushindiliwa kwa maji, kisha udongo wa awali ukarudishwa juu. Mfinyanzi unashika unyevu na kugusana na waya pande zote. Mkaa na chumvi, dawa ya zamani ya mafundi, tuliviacha: chumvi inapunguza ohm kweli, lakini mvua inaichukua baada ya misimu michache, na kabla ya kuondoka inakuwa imeshakula klampu na chuma cha rodi.

Mwenye nyumba alikuwa akijenga uzio, na nafasi hiyo haikupotezwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mhandisi Herbert Ufer alionyesha kwenye maghala ya silaha huko Arizona, nchi kavu kuliko Iringa, kwamba nondo ndani ya zege linalogusa ardhi ni ethi nzuri, kwa kuwa zege linavuta na kushika unyevu. Msingi wa uzio wenye urefu wa mita 9 uliwekewa nondo za milimita 12 zilizofungwa pamoja, zenye sentimita 5 za zege kila upande, na mkia wa chuma bapa ukaachwa nje kwa ajili ya klampu. Chini ya msingi kusiwekwe karatasi ya nailoni. Inakata mgusano na ardhi na kazi yote inakuwa bure. Nondo ziwe nyongeza ya mitaro tu, kwa sababu radi ikilazimishwa kupita kwenye zege fupi peke yake inaweza kulipasua.

Shaba inaibwa. Kila sehemu inayoonekana juu ya ardhi, pamoja na mteremko wa mlingoti hadi mtaroni, ilifanywa kwa chuma bapa cha mabati cha milimita 25 kwa 4, na viungio vya shaba viko chini ya ardhi ndani ya kisanduku cha zege chenye mfuniko. Pale shaba inapokutana na bomba la mabati weka bamba jembamba la chuma cha pua katikati, la sivyo zinki inaliwa na kiungo kinalegea. Usichomelee kwa risasi kiungo chochote cha radi, inayeyuka. Klampu za shaba nyeupe au bolti za chuma cha pua, basi.

Ndani, nyuma ya meza, kuna ukanda mmoja wa shaba wa nusu mita. Kila bodi ina waya wake mfupi hadi kwenye ukanda, na ukanda unaenda kwenye bamba la nje. Vyombo havifungwi mkufu, kimoja kikichukua ethi kutoka kwa kingine.

Sauti inayokwaruza

Awali waya wa ethi wa redio ulizunguka nyumba kwa mita 10 na nusu hadi rodi ya mlingoti. Robo ya wimbi kwenye 7.1 MHz ni mita 10.56. Waya wenye urefu huo, mwisho wake ukiwa ardhini, unaonekana mezani kama haujaunganishwa na ardhi kabisa. Mkondo wa redio haupiti, unarudi kwenye maikrofoni na USB. Kwenye 14 MHz waya uleule ni nusu ya wimbi, na shida inapotea. Ndiyo maana bendi moja ilisumbua na nyingine haikusumbua.

Kufupisha waya kulisaidia, lakini dawa yenyewe iko juu ya mlingoti. Antena ya V iliyopinduliwa iliyofungwa moja kwa moja kwenye koaksi inaruhusu mkondo kushuka upande wa nje wa neti. Zungusha koaksi nyembamba ya RG-58 mara 12 kwenye toroidi (pete) ya feraiti FT240-31, inayozuia mkondo huo, iweke pale antena inapolishwa, ndani ya boksi lililofungwa vizuri, viunganishi vikizungushiwa tepu ya mpira. Ya pili iwekwe karibu na redio. Feraiti ya kubana kwenye waya wa USB ikamalizia. Kelele za kupokea zinazotoka kwenye taa za LED na chaja hazihusiani na ethi, usizichimbie mtaro.

Msimu wa mvua

Mvua za Iringa huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ngurumo za mwanzo ndizo hatari zaidi kwa ethi, kwa sababu udongo wa chini bado ni mkavu wa miezi sita ingawa juu pameloa. Kipimo cha mwaka kifanyike Oktoba. Kipimo cha Machi kitakupa namba ya kupendeza isiyokuwepo siku ya radi ya kwanza.

Pamoja na yote yaliyofanywa, redio ichomolewe kabla ya dhoruba: umeme, USB, intaneti na koaksi. Koaksi ifunguliwe kwenye bamba nje na kichwa chake kifungwe kwenye tundu lililounganishwa na bamba, kisiachwe kikining'inia nyuma ya meza. Kati ya mwanga na ngurumo zikipita sekunde 30, radi iko kilomita 10 hivi, na huo ndio wakati wa mwisho wa kwenda kwenye boksi. Baada ya hapo usiguse waya wowote wa antena hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Oktoba hiyohiyo, pamoja na kupima, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, kaza klampu zote kwa spana, fungua boksi la ukutani uangalie kutu na nyumba za mchwa, na kagua kama chuma bapa cha mlingoti bado kimefika ardhini.